Kwa Nini Simu Hukwama Siku ya Mnada

Mada iliyosomwa mbele ya wakazi wa kata, katika mazungumzo kuhusu huduma za jamii



Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa mara kwa mara katika ofisi za watendaji, lipo moja ambalo Halmashauri haina mamlaka ya kulitatua yenyewe, wala si haki kulinyamazia. Siku ya mnada, kuanzia saa nne asubuhi hadi jua linapopinda, simu huonesha vijiti vyote vya mtandao na hata hivyo haipigi. Mfugaji na mnunuzi wamekwisha kukubaliana bei ya ng'ombe, namba ya siri imekwisha kuandikwa, na fedha haziendi. Mashine ya kukusanyia ushuru huzunguka bila kutoa stakabadhi. Na katika zahanati iliyo karibu na uwanja, muuguzi aliye na mama mwenye uchungu wa muda mrefu hupiga 115, namba ya m-mama isiyotozwa malipo, ili gari lije, naye husikia mlio ule ule wa kukatika.

Wapo wanaosema mnara umeharibika. Wapo wanaosema kampuni inakula vocha. Wengine huilaumu mvua hata wakati wa kiangazi. Sababu iliyo ya kweli mara nyingi ni nyingine, nayo ilichunguzwa kwa kina zaidi ya miaka hamsini iliyopita na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ambaye tasnifu yake ya kwanza ilikataliwa.

Lakini kwanza neno kuhusu vijiti. Vijiti vya simu hueleza jambo moja tu: nguvu ya mawimbi ya mnara yanapoifikia simu. Havielezi ni watu wangapi wanaongoja kuutumia mnara huo. Mtu aliyesimama mlangoni pa kituo cha afya huliona jengo vizuri na kulisoma bango lake lote. Hilo halimwambii iwapo ndani kuna wagonjwa watatu au mia tatu. Kwa hiyo yako matatizo mawili, na mwananchi anayeyachanganya atabisha hodi mlango usio wake. Moja ni mawimbi kutofika. La pili ni mawimbi kufika na nafasi kutotosha. Mada hii inahusu hilo la pili.

Mwanzo wa utafiti wake ulikuwa katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1968 Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kutafuta njia ya kuwawezesha watu waliotawanyika visiwani kuitumia kompyuta kubwa ya chuo iliyokuwa Honolulu. Simu za waya zilikuwa ghali na hazikutegemeka. Mkazi yeyote wa Ukerewe au Mafia anaweza kulielewa tatizo hilo bila kuelezwa zaidi. Abramson aliamua kutumia redio, na mnamo Juni 1971 mtandao huo ulianza kufanya kazi ukiitwa ALOHAnet, kwa jina la salamu ya wenyeji. Mtambo uliopokea ujumbe kwa niaba ya kompyuta kubwa uliitwa Menehune, jina la watu wadogo wa ngano za Hawaii wanaosemekana kufanya kazi usiku pasipo kuonekana. Na kwa hakika jina hilo lilistahili.

Jambo jipya halikuwa redio. Redio ilikuwapo. Jambo jipya lilikuwa kwamba vituo vyote vilituma ujumbe katika masafa yale yale, bila ratiba na bila mwenyekiti wa kumpa kila mmoja zamu. Mwenye neno alilituma papo hapo katika kifurushi kifupi, kisicho zaidi ya herufi 80. Kama kifurushi kilifika salama, Menehune ilirudisha uthibitisho kwa masafa mengine. Kama vifurushi viwili viligongana hewani, vyote viliharibika, uthibitisho haukuja, na kila kituo kilingoja kidogo kwa muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena.

Neno hilo la kubahatisha ndilo moyo wa habari yote. Yafaa kuwawazia wazee wawili katika baraza lisilo na mwenyekiti, ambao wameanza kusema kwa pamoja. Wote wawili hunyamaza kwa adabu. Kama kila mmoja atangoja kwa kuhesabu hadi tatu, wataanza tena kwa pamoja, na adabu yao itawagonganisha hadi magharibi. Lakini kama mmoja amehesabu hadi mbili na mwingine hadi saba, kila mmoja kwa kuchagua kivyake, wa kwanza atamaliza neno lake kabla wa pili hajafungua kinywa.

Abramson alipiga hesabu ya kiasi gani njia hiyo ya wazi ingeweza kubeba, na jibu lilikuwa dogo kuliko wengi wanavyodhani. Kifurushi kinachochukua sekunde moja kipo hatarini kwa sekunde mbili: kitagongwa na kila kilichoanza katika sekunde iliyotangulia na kila kitakachoanza kabla hakijamalizika. Kutokana na hilo, na kutokana na mwenendo wa bahati, njia hiyo katika hali yake bora haipitishi ujumbe unaoeleweka kwa zaidi ya asilimia 18 hivi ya muda wake. Muda uliobaki ama hewa ni tupu, ama imejaa mgongano. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza pawe na mfano wa kengele: kila kituo kianze kutuma pale tu kengele inapolia. Hatari ikapungua nusu, na uwezo ukafika karibu asilimia 37. Kwa kanuni ndogo kama hiyo, masafa yale yale yalibeba mara mbili ya mzigo, bila kuongezwa mnara hata mmoja.

Ndipo anapoingia mwanafunzi. Robert Metcalfe, mzaliwa wa Brooklyn katika jiji la New York, alikuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard huku akifanya kazi katika chuo jirani cha MIT. Tasnifu yake ilihusu ARPANET, mtandao wa kompyuta uliokuja kuwa mzazi wa intaneti. Mwaka 1972 wahakiki waliikataa kwa sababu haikuwa na nadharia ya kutosha. Wakati huo alikwisha kupata kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California. Wakubwa wake wapya walimwambia aje tu, tasnifu ataimalizia huko.

Muda si mrefu akaisoma makala ya Abramson, akaona kasoro. Katika hesabu za Abramson, watumiaji walikuwa wengi wasio na kikomo, na kila mmoja aliendelea kuleta ujumbe mpya hata kama ule wa kwanza haukujibiwa. Metcalfe aliona kwamba binadamu hawako hivyo. Mtu mbele ya mtambo hutuma, hungoja, na asipojibiwa haandiki jingine jipya. Hubaki amekwama na lile lile la kwanza. Tena watu wana idadi. Kijiji kina idadi ya watu wake, mnada una idadi ya watu wake.

Aliandika hesabu upya kwa kuwatazama watu jinsi walivyo, akaenda Hawaii kuuona mtandao wenyewe, na hesabu ikamwonesha kitu ambacho wananchi wa siku ya mnada wanakijua kwa mwili. Kama muda wa kungoja kabla ya kurudia umewekwa mfupi na haubadiliki, mtandao hufanya kazi vizuri hadi idadi fulani ya watumiaji. Ikipita hapo, haupungui taratibu. Huanguka. Kila mmoja anarudia, kila kurudia kunazaa mgongano, kila mgongano unazaa kurudia kwingine, mpaka hewa yote imejaa sauti na hakuna neno hata moja linalofika. Kibaya zaidi, msukosuko wa muda mfupi waweza kuusukuma mtandao uliokuwa mzima hadi katika hali hiyo, na ukishaingia hautoki kwa urahisi. Wanafunzi wengine wa miaka hiyo, akiwamo Simon Lam wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilichunguza tatizo hilo hilo kwa njia zao.

Tiba aliyoipendekeza Metcalfe ni kwamba kituo kijifunze kutokana na kushindwa kwake. Kikigongana, kichukue hilo kuwa habari: njia ina watu. Kwa hiyo safari inayofuata kingoje zaidi. Kikigongana tena, kingoje zaidi ya hapo. Katika mtandao wa Ethernet, alioubuni pale Xerox mwaka 1973 na kuujenga pamoja na David Boggs, wastani wa muda wa kungoja uliongezwa maradufu baada ya kila mgongano. Njia ikiwa nyeupe, hakuna anayecheleweshwa. Njia ikijaa, wote kwa pamoja, bila kuamriwa na yeyote, hupunguza kasi hadi mzigo ulingane na uwezo.

Tasnifu hiyo ya pili ilikubaliwa mwaka 1973. Kwa maoni ya wengi kukataliwa kwa ile ya kwanza kulikuwa aibu. Kwa kweli ndiko kulikomlazimisha mwandishi kutafuta nadharia yenye maana kuliko aliyokuwa nayo. Mwaka 2023 Metcalfe alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta.

Ethernet yenyewe ilipita katika waya, lakini mawazo yake yalirudi hewani. Kifaa cha Wi-Fi katika shule au ofisi ya kata leo husikiliza kwanza, hungoja kwa kubahatisha, na kikishindwa huongeza wigo wa kungoja maradufu. Kusikiliza kwanza kuna kikomo chake, na hicho nacho kilioneshwa na mtu aliyetoka kumaliza uzamivu wakati huo, Fouad Tobagi, pamoja na mwalimu wake Leonard Kleinrock, mwaka 1975. Watu wawili walio pande mbili za kilima hawasikiani, ingawa aliye kileleni anawasikia wote. Kila mmoja anaona kimya, kila mmoja anaanza kusema, na aliye kileleni haelewi chochote. Katika kata yenye mabonde jambo hilo halihitaji mchoro.

Sasa turejee uwanjani. Simu iliyotulia mfukoni haina nafasi yake katika mnara. Mwenye simu anapobonyeza ili kupiga, kwanza simu hutuma ombi fupi sana katika mkondo unaotumiwa na simu zote za eneo hilo, ili iombe kupewa nafasi. Ombi hilo linakwenda kwa kanuni ile ile ya Hawaii, pamoja na kengele ya Roberts. Maombi mawili yakigongana, mnara hauelewi. Katika mtandao wa GSM, ambao wengi huuita 2G na ndio unaobeba simu ndogo za vitufe, simu husubiri kwa kubahatisha na kurudia, na mtandao ndio unaopanga irudie mara ngapi: mara moja, mbili, nne, au saba, si zaidi. Katika 4G simu huchagua kwa bahati alama moja kati ya 64, na wawili waliochagua alama moja kwa wakati mmoja hugongana vivyo hivyo.

Ombi likipokelewa, bado nafasi zenyewe zina hesabu. Mkondo mmoja wa redio wa GSM umegawanywa katika vipande vinane vya muda. Kipande kimoja angalau hutumika kwa kazi za uongozi wa mtandao. Vinavyobaki ni saba, yaani mazungumzo saba kwa wakati mmoja, au maradufu yake pale kampuni inapokubali kubana ubora wa sauti. Mnara huweza kuwa na mikondo kadhaa, lakini idadi hiyo hupangwa kwa kutazama mahitaji ya siku za kawaida. Kijiji cha watu elfu mbili, ambao wengi wao hawapigi simu kwa wakati mmoja, kinahudumiwa vizuri na mnara huo siku sita za wiki. Siku ya saba huja wachuuzi, wafugaji, madalali na madereva kutoka kata tano.

Hapo ndipo utafiti wa Metcalfe unapomgusa kila mwananchi. Simu imefundishwa subira, lakini kidole hakikufundishwa. Simu ikisharudia mara zake nne ikashindwa, hukoma na kumwambia mwenyewe kwamba imeshindwa. Mwenyewe hubonyeza tena papo hapo. Kwa tendo hilo hesabu yote ya kungoja inafutwa na simu inaanza upya kana kwamba njia ni nyeupe. Watu mia tano wakifanya hivyo kwa dakika kumi, wanakuwa watumiaji wale wale wa hesabu ya kutisha: wenye kurudia kwa muda mfupi usiobadilika. Muuguzi wa zahanati anashindwa kupata gari kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya watu wema waliokuwa wakijaribu kwa mara ya kumi na mbili kuuliza bei ya mbuzi.

Watengenezaji wa mitandao walilitambua hilo. Kila kadi ya simu imewekwa kwa bahati katika moja ya makundi kumi, na mtandao uliozidiwa unaweza kuyafungia baadhi ya makundi kwa muda na kuyafungulia mengine. Namba 112 inatambuliwa na kila simu ya GSM kuwa wito wa dharura, nao hutangazwa hivyo tangu ombi la kwanza. Namba nyingine za huduma, hata zikiwa hazitozwi malipo, hazipati heshima hiyo ila pale zilipopangiwa na mtandao au kadi. Watumishi wa zahanati wanastahili kulijua hili mapema, si usiku wa tukio.

Yapo mambo machache yanayofuata kutokana na maelezo haya, na si yote yana uzito sawa. Ujumbe mfupi wa maandishi katika GSM haupiti katika nafasi za sauti, bali katika mikondo ya uongozi, na usipofika huhifadhiwa na kujaribiwa tena na kituo cha kampuni. Kwa hiyo siku ya msongamano ujumbe wa maneno sita mara nyingi hufika pale ambapo simu haikupita. Zahanati yenye kadi za kampuni mbili ina njia mbili, kwa kuwa msongamano wa masafa ya kampuni moja si lazima uwe wa nyingine. Na kwa wenye kulipa kwa simu: menyu inayofunguliwa kwa nyota na reli hushikilia mkondo wa uongozi tangu inapofunguka hadi inapofungwa. Anayeifungua kisha akaanza kutafuta namba ya muuzaji, akauliza jina, akamwita mwanawe amsomee, ameshika nafasi ambayo mwingine anaingojea. Namba, jina na kiasi viwe tayari kabla ya kubonyeza nyota ya kwanza. Na simu ikikataa mara mbili, dakika chache za kungoja zina faida kuliko kubonyeza mara ishirini, faida kwa mwenyewe na kwa aliye zahanati.

Hata hivyo subira ya wananchi haiwezi kugeuzwa kuwa kisingizio cha mtoa huduma. Mnada una siku inayojulikana mwaka mzima. Kampuni inaweza kuongeza mikondo katika mnara, au kuleta mnara wa muda wa kubebwa na gari kama inavyofanyika katika mikusanyiko mikubwa. Ili idaiwe hivyo, yahitajika ushahidi unaotenganisha matatizo mawili yaliyotajwa mwanzoni. Kama vijiti havipo kabisa, kitongoji hakifikiwi na mawimbi, na hilo linahusu kampuni pamoja na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali ambapo biashara pekee haiwezi kuifikisha. Kama vijiti vimejaa na simu haipiti, hilo ni suala la uwezo na ubora: lipelekwe kwanza kwa kampuni kwa maandishi, na lisipojibiwa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Malalamiko yanayoandikwa sasa husema tu kwamba mtandao ni mbaya. Mhandisi hana la kufanya na maneno hayo. Mtendaji wa kijiji akiandika tarehe, saa ya kuanza na saa ya kuisha, mahali aliposimama mpigaji, kampuni, idadi ya vijiti, aina ya simu iliyotumika, na iwapo ujumbe mfupi ulipita wakati sauti imekataa, na akifanya hivyo kwa minada mitatu mfululizo, mhandisi ataweza kulinganisha saa hizo na kumbukumbu za mnara wake, ambazo huhesabu maombi yaliyokosa nafasi. Katika kata zenye zahanati iliyo jirani na uwanja wa mnada, taarifa hiyo ianze na simu za zahanati.